Kila Bondia kwa Usiku Wake Bora

Detroit, 14 Septemba 1986

Kaka Lemuel,

Nakusalimu ingawa hustahili, maana tangu Pasaka hujaniandikia hata mstari mmoja. Mimi nipo. Goti la kulia linanisumbua ngazini, presha iko pale pale, na paa la baraza limeanza kuvuja upande wa jirani. Kiwanda kimepunguza watu tena. Kanisani kwaya imebaki na wanaume wawili, na wote wawili hawana sauti.

Sasa sikiliza. Jumamosi tulikaanga samaki kanisani. Shemasi Purvis, mbele za watu, na sahani niliyompakulia mimi mwenyewe ikiwa mkononi mwake, akasema Muhammad Ali angempiga Joe Louis bila kutoka jasho. Nikamwambia, "Rudisha samaki wangu." Akadhani natania. Nilimnyang'anya sahani, Lem, na siombi radhi. Unaijua sheria ya Baba: mabondia wa zama mbili wakikutanishwa, kila mmoja anakuja kwa usiku wake bora, hana jeraha wala uzee. Haya basi. Mimi namleta Louis wa Juni 1938, yule aliyemlaza Mjerumani Schmeling raundi ya kwanza, mimi na wewe tumekaa chini ya meza ya redio, na mtaa mzima ukatoka nje kugonga sufuria. Mlete wako. Najua utamleta Ali. Wewe siku zote ulipenda watu wenye maneno mengi.

Lingine ni dogo. Wendell alinipigia simu Jumapili. Alinisimulia kisa cha mbwa wa jirani yenu aliyeingia ukumbini kwenye mazoezi akaiba soksi, tukacheka sana. Halafu akanisimulia tena, tangu mwanzo, kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka. Nikacheka tena. Mwanangu ana miaka thelathini na sita, na siku hizi anapigwa zaidi ya anavyopiga. Wewe ni mjomba wake na ndiye kocha wake. Simlaumu mtu. Nauliza tu: anaacha lini?

Dada yako,
Odessa

Philadelphia, 19 Oktoba 1986

Dada Dessa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mbali na mkono wako wa kulia. Nimefurahi kujua kuwa bado unanyang'anya watu sahani. Mimi mzima, meno ndiyo yanakwisha. Jiko la gesi limeharibika, tunapikia la jirani mpaka mwenye nyumba akumbuke kuwa ana nyumba. Pole na goti. Lipake kafuri, usijifanye shujaa.

Shemasi Purvis ana akili. Mimi namleta Ali wa Novemba 1966, usiku wa Houston, alipomfanya Cleveland Williams aonekane amefungwa miguu. Louis wako alikuwa na mikono mizuri kuliko ya mtu yeyote, nakubali, lakini alihitaji mtu asimame mbele yake. Billy Conn, mtu mwepesi, kiumbe wa kupeperushwa na feni, alimtangulia kwa pointi mpaka raundi ya kumi na tatu. Je, Ali mwenye miguu kama ya Conn na urefu wa mlango? Tena Louis akishatupa konde la kushoto alikuwa anauteremsha mkono. Schmeling aliliona hilo mwaka thelathini na sita na akamlaza. Unadhani Ali asingeliona? Raundi tano za kwanza zote za Ali. Ya sita nakupa wewe kwa ajili ya udugu. Baada ya hapo macho ya Louis yanavimba na refa anaanza kumchungulia.

Wendell hajambo. Anakula vizuri, asubuhi anakimbia kando ya mto. Tumepata pambano Toledo, tarehe 17 Januari, na kijana mmoja mrefu anaitwa Terrell Bascombe. Atakuja kwako kwa Sikukuu ya Shukrani, kwa hiyo ongeza bata mzinga.

Swali lako nimeliona.

Mdogo wako,
Lem

Detroit, 30 Novemba 1986

Lem,

Theluji imetuwahi. Paa la baraza Wendell amelipiga turubai, kwa hiyo sasa linavujia ndani ya turubai. Wote wanakusalimu, hata Purvis.

Conn alitangulia, ndiyo. Halafu ikawaje? Raundi hiyo hiyo ya kumi na tatu alilala chali akihesabiwa. Ali wako angecheza na kuzunguka, na Louis angekuwa anamkatia njia taratibu, mbavu leo, mbavu tena, mpaka miguu unayoisifu iwe mizito. Hilo nimelimaliza.

Wendell alikuja. Alikula bata mzinga, akala nusu ya pai ya viazi vitamu peke yake, akaninyanyua juu jikoni mbele ya wageni. "Mama, umekuwa mwepesi, siku hizi unakula barafu?" Nilifurahi kupita kiasi, sitakuficha. Baadaye akaingia kuoga. Nilipita na taulo nikamsikia anaongea mle ndani. Nikadhani anasali, nikasimama mlangoni nimeinamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa anasema hivi: "Naitwa Wendell Crutchfield. Tuko Toledo, Ohio. Leo ni Jumamosi. Napigana na Terrell Bascombe." Anamaliza, anaanza upya. Lem, ilikuwa Alhamisi na tulikuwa Detroit.

Alipotoka nikamuuliza. Akacheka. "Kazi tu hiyo, Mama. Muulize Mjomba." Basi namuuliza Mjomba.

Na jambo la pili. Sheria ya Baba imenichosha. Usiku bora, usiku bora, nani alishawahi kuchagua usiku wake? Mimi sasa namleta Louis wa Oktoba 1951, yule mwenye kipara utosini, ambaye Marciano alimtoa nje ya kamba. Wewe mlete Ali wa Oktoba 1980, yule aliyekaa kwenye kiti Las Vegas asiinuke tena. Wagonganishe hao. Niambie nani anashinda.

Odessa

Detroit, 28 Desemba 1986

Lemuel,

Heri ya Krismasi iliyopita. Kadi yako nimeipata, ina ndege mwekundu mzuri, na ndani umeandika "Tupo salama." Kwani posta ya Philadelphia siku hizi inabeba maneno mawili tu?

Nilikuuliza mambo mawili. Nangoja yote mawili.

Odessa

Philadelphia, 6 Januari 1987

Dada Dessa,

Mwaka mpya mwema. Jiko limetengenezwa. Jino la mbele limeng'olewa, kwa hiyo nikicheka sasa nafanana na Babu.

Barua yako ya Novemba haikupotea. Niliiweka juu ya friji, na kila nikichukua maziwa nikawa naiona, nikawa natumia mkono wa upande mwingine nisiiguse. Sasa nakueleza ilivyo.

Tume ya ngumi huleta daktari. Bondia akipigwa sana, daktari anapanda kwenye kona wakati wa mapumziko, anamuuliza: unaitwa nani, tuko wapi, leo ni siku gani, unapigana na nani. Akikosea, pambano limekwisha na leseni inaweza kwenda nalo. Kwa hiyo sisi makocha tunawafundisha majibu mapema. Usidhani nimeanzisha mimi. Nilifundishwa na aliyenifundisha kufunga bandeji, na yeye alifundishwa vilevile. Aprili iliyopita, Scranton, Wendell aliulizwa tuko wapi, akafikiri kidogo. Kidogo tu, Dessa. Daktari akamtazama muda mrefu. Tangu hapo tunakariri tukiwa tunakimbia, mji ujao na mpinzani ajaye, ili yakifika kichwani yakae.

Utasema, kwa nini humkatazi? Nimemkataza. Ananijibu, "Niache niende wapi, Mjomba? Kiwanda kinatoa watu, hakiingizi." Na nikimtoa mimi, kuna majimbo hayana tume kabisa, na kuna watu kazi yao ni kutafuta bondia mzee mwenye jina dogo wampe kijana wao ajifunzie. Hao watamchukua kesho. Konani watamweka mtu asiyemjua, ambaye ataangalia saa yake tu. Mimi nikibaki, angalau yupo mtu mmoja anayemtazama yeye. Ndivyo ninavyojiambia kila asubuhi. Jioni haitoshi.

Kuhusu Louis wa hamsini na moja na Ali wa themanini, sitaki. Hilo si pambano. Huko ni kukaa kutazama wazee wawili wanavyoporomoka ngazini.

Lem

Detroit, 11 Januari 1987

Lemuel,

Nipo, nyumba ipo, baridi ipo. Salamu zimeisha.

Daktari umemfunga macho. Na wewe mwenyewe je? Mwanangu akikaa kwenye kile kigoda, damu inamchuruzika, wewe utajuaje kama yumo ndani au ametoka? Majibu yote umeshampa. Anaweza kuyasema usingizini. Mimi nilimsikia akiyasema na maji yakimwagika kichwani.

Mtafutie swali ambalo hukumfundisha. Akishindwa, mtoe. Akikuchukia, achukie akiwa mzima. Nakuomba, Lem, na unajua mimi kuomba siwezi.

Dada yako

Philadelphia, 26 Januari 1987

Dada Dessa,

Sina salamu za kutosha kwa barua hii. Nakuandikia yaliyotokea tu.

Bascombe ni mrefu kuliko tulivyoambiwa, na mkono wake wa kulia unatoka chini usipoutarajia. Raundi mbili za mwanzo Wendell alikuwa yule yule wa zamani, Dessa, ungesimama kwenye kiti. Ya tatu akaanza kuchelewa. Anaona ngumi, anajua ni ngumi, na mkono hauji. Ya tano alipigwa mbele yangu kabisa na nikausikia mlio wake.

Baada ya raundi ya sita daktari akapanda. Akauliza, na Wendell akamjibu yote, haraka, kwa adabu, bila kosa. Jina, Toledo, Jumamosi, Bascombe. Daktari akaniambia, "Yuko sawa huyu," akashuka. Dessa, nilikuwa nangoja akosee. Nilimwombea mpwa wangu akosee, na mimi ndiye niliyemfundisha asikosee.

Nikakumbuka barua yako. Nikainama sikioni nikamuuliza, "Liston na Joe Louis, nani?" Unajua tangu ana miaka kumi jibu ni Liston, na ni kwa ajili ya kukuudhi wewe tu. Angemtaja Liston hata siku ya kiyama. Akaniangalia kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa chai. Akasema, "Yeyote unayemtaka wewe, Mjomba."

Nikamwashiria refa kwamba basi.

Chumbani alilia. Mwanamume wa kimo kile, bandeji bado mikononi. "Si nilimjibu? Nilimjibu kila kitu ulichonifundisha! Nilijua tuko wapi!" Nikamwambia kweli ulijibu. "Sasa kwa nini?" Sikuweza kumwambia kwamba nilimpima kwa utani wa mama yake. Angesema hilo si swali, na mbele ya watu wote wenye akili angekuwa na haki.

Jumatano nilipotoka dukani nikakuta amechukua begi lake. Ufunguo ameuacha juu ya friji. Kama yuko kwako, niambie tu kwamba yuko.

Lem

Detroit, 29 Machi 1987

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa na furaha na niliogopa kuiandika.

Yuko kwangu. Alikuja na begi na jicho limefumba, akasema atakaa siku chache, akakaa. Ametoa turubai na kuweka mabati ya kweli kwenye baraza. Jumapili ananipeleka kanisani, amejiunga na kwaya, naye pia hana sauti, kwa hiyo sasa wako watatu. Jioni tulikaa jikoni nikamchokoza kuhusu Liston. Siku nyingine alinijibu shombo kama zamani, nikafurahi, nikampiga na kitambaa cha vyombo. Siku nyingine alitabasamu tu. Nikajifunza kuitambua siku mapema, nisimchokoze ile isiyofaa.

Halafu simu ikalia. Mtu mmoja wa kusini, sauti laini, "Tafadhali niitie Bwana Crutchfield." Tarehe 11 Aprili, raundi kumi, jimbo la aina ile uliyoniambia, halina tume wala daktari wa kupanda popote. Nilimsihi mwanangu, Lem. Nilimwambia uso kwa uso maneno ambayo tangu Septemba nilikuwa nakuandikia wewe ili nisimwambie yeye. Kwamba anasahau. Kwamba anaporudia visa naogopa. Alinisikiliza vizuri sana, amenishika mikono yote miwili. Kisha akasema, "Mama, nikiwa ulingoni sisahau kitu. Ni huku nje tu."

Nilificha viatu vyake vya ngumi kwenye mashine ya kufulia. Alivipata, akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikachukua kaptura yake nikaipiga pasi. Usiniulize kwa nini. Nilifikiri, wale watu hawamjui, wakimwona amekunjamana watadhani hana kwao.

Kila siku napiga magoti naomba apigwe. Apigwe mapema, raundi ya kwanza, ngumi moja isiyo nzito sana, aanguke kwa usalama, asiitwe tena na mtu yeyote. Mama gani huyu anayeomba hivyo? Nimeshindwa kuomba kingine.

Nenda, Lem. Najua hakutaki kwenye kona. Kata tiketi, kaa kwenye viti. Asiwe peke yake na wale.

Dessa

Kituo cha basi, njiani kurudi, 12 Aprili 1987

Dessa,

Simu ya hapa imekatika waya, na sijui kama ningeweza kusema kwa mdomo. Naandikia juu ya goti, vumilia mwandiko.

Nilikwenda. Nilipata kiti cha nyuma, nyuma ya watu warefu. Ukumbi ni wa kuuzia ng'ombe, wameufagia. Wendell alitoka amenyooka, kaptura haina hata kunjo moja, nikasikia mwanamke wa mbele yangu anasema, "Huyu mzee nadhifu." Kwenye kona kulikuwa na jamaa wawili nisiowajua, mmoja ana koti jipya ambalo hakutaka liloe.

Mpinzani alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, ana nguvu za shambani. Alimpiga Wendell kila raundi. Nilipiga kelele, "Inua mkono! Wendell, zunguka kushoto!" mpaka mtu wa nyuma yangu akasema, "Kaa chini, babu, tunataka kuona." Nilikaa. Kengele ikilia nilikuwa nainuka bila kujijua, miguu inataka kwenda konani, halafu nakumbuka. Yule mwenye koti alimpa maji na kumwambia neno moja. Hakumtazama machoni hata mara moja.

Raundi ya sita nilitoka nje. Nilishindwa. Nikasimama karibu na mazizi, nikafanya ile sala yako. Nikasema, aanguke sasa, basi, imetosha. Nikarudi ndani raundi ya nane.

Yule kijana alikuwa amechoka kumpiga. Ndiyo hivyo, Dessa, amechoka tu, mikono imeshuka, anahema kwa mdomo. Na Wendell, mbele ya macho yangu, akapiga hatua ile fupi niliyomfundisha alipokuwa na miaka kumi na tisa, akatoa la kulia. Zuri. Sijaona zuri kama lile miaka mingi. Kijana alianguka kifudifudi, na refa hakuhitaji kumaliza kuhesabu.

Ukumbi wote ulisimama. Wendell akaniona, sijui kwa jicho gani, maana yote mawili yalikuwa yamevimba. Akaninyooshea glovu, akawaambia wanipitishe. Akanikumbatia juu ya ulingo, ananitapakaza damu, anacheka kama mtoto. "Umeona, Mjomba? Umeona?" Nikamwambia nimeona. Hana kinyongo tena, ametusamehe wote. Na yule mwenye sauti laini alikuwa ameshapanda kamba na kalamu mkononi, anamwambia kuna Juni, kuna Agosti, na Septemba kuna kijana mwingine ambaye ni mkubwa zaidi. Wendell alitia saini pale pale, mkono mmoja ukiwa kwenye ndoo ya barafu. Nilimwambia ngoja. Akanipiga begani. "Ngoja nini?"

Ameshinda, dada yangu. Kesho atakupigia simu mwenyewe, na atataka usikike umefurahi. Jitahidi. Mimi nilijitahidi: watu wote walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na yeye alikuwa ananitazama mimi, kwa hiyo nami nikapiga.

Lem